Kompyuta mpya, leja za zamani: hesabu ambayo mfanyabiashara wa mpakani hajaipiga

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haitoi tena marekebisho ya usalama ya kawaida kwa kompyuta zinazotumia Windows 10. Waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza wamepata muda wenye kikomo tu. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizotumika, zile zinazofika kwetu kutoka Dubai na Ulaya kwa bei ya kueleweka, hazitimizi masharti hayo.

Kwa mtu anayetumia kompyuta kusoma barua pepe, jawabu ni kununua nyingine. Hali ni tofauti kwa mwenye duka la jumla Quartier Matheus au ghala Gikondo, ambaye orodha ya wadaiwa, hesabu ya stoo na gharama za kila kontena zimo ndani ya programu aliyotengenezewa na fundi miaka 20 iliyopita. Kompyuta ya zamani haiwezi kupanda kwenda Windows 11, na kompyuta mpya huenda isiipokee programu ya zamani. Amebanwa pande zote mbili, na kilicho katikati ni leja yake.

Wengi hulichukulia jambo hili kama la fundi. Hata hivyo, kwa mtu anayeagiza mzigo kupitia Dar es Salaam au Mombasa na kuuza Kigali, Bukavu au Goma, ni jambo la forodha na la kodi kabla ya kuwa la ufundi. Sababu ni kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamtaka aweze kuonyesha hati za mzigo kwa miaka 5.

Kwa nini programu nzima inakataa kufunguka

Programu za hesabu zilizoenea katika maduka ya ukanda huu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliandikwa kwa dBase, Clipper, FoxPro au Access. Zilikuwa nyepesi, hazikuhitaji intaneti, na fundi mmoja aliweza kuitengeneza kwa wiki chache. Nyingi bado zinajumlisha vizuri kama siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mashine.

Sababu ya kwanza ni biti. Programu za enzi za DOS, na zile za Windows ya mwanzo, ni za biti 16. Windows ya biti 32 ilikuwa na sehemu maalumu ya kuziendesha. Windows ya biti 64 haina sehemu hiyo, na Windows 11 inatoka kwa biti 64 pekee. Ndiyo maana fundi anaweza kuinakili folda nzima bila kosa, akabofya, na kompyuta ikajibu kwamba programu hiyo haiwezi kuendeshwa hapo. Faili hazijaharibika. Aliyekuwa akizitafsiri ndiye hayupo.

Ya pili ni kasi. Baadhi ya programu za zamani, zinapoanza, hupima kasi ya kompyuta kwa kuhesabu kitu kidogo kisha kugawanya kwa muda uliotumika. Prosesa mpya inamaliza kuhesabu kabla saa haijasogea, programu inagawanya kwa sifuri, inazimika. Mwenye duka anaambiwa programu imekufa, kumbe kompyuta ni nyepesi mno kwake.

Ya tatu ni mafaili. Faili iliyotengenezwa kwa Access 97 haifunguki kwenye Access 2013 wala matoleo yaliyofuata. Inabidi kwanza igeuzwe kwa toleo la katikati, kama Access 2010. Anayeruka ngazi hizo anakuta mlango umefungwa. QuickBooks nayo, ambayo maduka mengi ya kanda yanaitumia, ina mkondo wa kwenda upande mmoja: faili ikishafunguliwa na kuboreshwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani haliisomi tena. Ukijaribu bila nakala, umevunja daraja ukiwa ungali ng'ambo.

Ya nne ni mtandao wa ndani ya duka. Kompyuta mbili au tatu zilizounganishwa enzi za Windows XP zilikuwa zikigawana folda kwa utaratibu uitwao SMB 1. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows mpya huja bila utaratibu huo. Kompyuta mpya ya keshia inashindwa kuiona kompyuta ya zamani ya stoo, ingawa waya ni mzima. Fundi mwenye haraka huurudisha utaratibu huo na kazi ikaendelea. Lakini udhaifu wa SMB 1 ndio uliotumiwa na virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017 kufunga mafaili ya hospitali, viwanda na ofisi duniani na kudai fidia. Kuurudisha kwenye kompyuta iliyo kwenye intaneti ni sawa na kuondoa kufuli la ghala ili mpagazi apite haraka.

Serikali zimepita njia hii hii

Mamlaka za mapato za ukanda huu zimekumbana na tatizo hili kwa kiwango kikubwa zaidi, na historia yake ina mafunzo.

Mfumo wa forodha unaojulikana kwa wengi hapa kama ASYCUDA, na kwa wenzetu wa Burundi na Kongo kama SYDONIA, ulianza kutengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, mjini Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ombi lilitoka Afrika Magharibi, kwa jumuiya ya ECOWAS, iliyotaka takwimu za biashara. Chombo kilichoanza kama daftari la takwimu kikawa lango ambalo kila kontena lazima lipite. Toleo la ASYCUDA++ la miaka ya 1990 lilihitaji programu iwekwe kwenye kila kompyuta ya forodha na ya wakala. Toleo la ASYCUDA World, lililoanza karne hii, lilijengwa kwa Java ili lifanye kazi kupitia mtandao.

Rwanda ilihamia toleo hilo na juu yake ikajenga dirisha moja la kielektroniki, linalounganisha forodha na taasisi nyingine zinazotoa vibali. Uganda nayo ilichagua ASYCUDA World. Tanzania ilitoka kwenye ASYCUDA++ mwaka 2014 na kuingia TANCIS, mfumo uliotengenezwa kwa ushirikiano na Korea Kusini. Kenya ilianza Simba mwaka 2005, mfumo uliozaliwa kutokana na ule wa forodha ya Senegal, na baadaye ikaanza kuhamia mfumo mwingine.

Kila nchi ilikuwa na sababu zake, na kila mfumo una ubora wake. Tatizo linajitokeza pale nchi hizo zinapofanya kazi kama moja. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa kati ya mwisho wa 2013 na 2014, mwagizaji wa Kigali anatoa tamko na kulipa kodi hapa mzigo ukiwa bado bandarini. Dar es Salaam iko takriban kilomita 1,500 kutoka Kigali, Mombasa takriban kilomita 1,700. Ruhusa iliyotolewa Kigali lazima ionekane bandarini kabla lori halijatoka. Hifadhidata zilizojengwa na watu tofauti, kwa miongo tofauti, zinatumiana ujumbe, na ujumbe huo ukikwama, dereva anasubiri na gharama za bandari zinahesabika. Nchi moja ikibadilisha mfumo, daraja la ujumbe linapaswa kujengwa upya upande wake na kupimwa upande wa pili.

Hata mfumo mpya huzeeka. Java iliyokuwa fahari ya ASYCUDA World ilianza kukataliwa na vivinjari: Chrome iliacha kukubali aina hiyo ya programu Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017, na Java 11 ya Septemba 2018 ikaja bila kabisa njia iliyokuwa ikitumika kuanzisha programu za namna hiyo kutoka kwenye mtandao. Wakala aliyenunua kompyuta mpya na kuweka Java ya kisasa kuliko zote angeweza kukuta haingii, huku seva ya forodha ikiwa nzima na jirani yake mwenye kompyuta chakavu akiendelea na kazi. Dawa ilikuwa kurudi nyuma hadi Java 8. Upya wa kompyuta, kwa hiyo, si hoja peke yake. Hoja ni kama mashine, programu na faili vinaelewana.

Tofauti kati ya serikali na duka ni moja. Mamlaka ya mapato ina bajeti, ina wataalamu, na ina wafadhili wa kuigharamia miaka ya kuhama. Mwenye duka ana fundi mmoja, naye pengine alishahama mji.

Miaka 5 ya kuulizwa

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Rwanda inaifuata tangu ilipoingia kwenye Umoja wa Forodha Julai 2009, ina kifungu cha 235. Kinampa afisa wa forodha uwezo wa kumtaka mwenye mzigo atoe vitabu na hati zinazohusu mzigo huo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingizwa au kusafirishwa. Kifungu kinachofuata kinamruhusu kukagua. Huu ndio msingi wa ukaguzi unaofanyika baada ya mzigo kuachiwa, na forodha zinazidi kuutegemea. Mpango ni kuacha mzigo upite upesi mpakani, maswali yaje baadaye ofisini.

Kwa mfanyabiashara mwaminifu, mpango huu ni neema. Lakini umehamisha uzito kutoka mpakani hadi kwenye kabati lake la hati. Zamani, mzigo ukishapita, mengi yalikuwa yamekwisha. Siku hizi, ukishapita, saa ya miaka 5 ndiyo kwanza inaanza.

Hapa kuna jambo linalopuuzwa. Upande wa mauzo, wafanyabiashara wa Rwanda wameokolewa bila kujua: tangu mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka watoe bili za kielektroniki kupitia EBM, na bili hizo ziko kwenye kumbukumbu za mamlaka. Tamko la forodha nalo liko kwenye mfumo wa forodha. Kilichobaki kwako peke yako ni kile kinachounganisha hivyo viwili: bei uliyolipa kiwandani, bima na usafiri, kiwango cha kubadilishia fedha siku ile, bidhaa ngapi zilivunjika njiani, ngapi zilirudishwa, ngapi zilivuka kwenda Kongo. Leja ya duka ndiyo inayoeleza kwa nini thamani kwenye tamko na mauzo kwenye bili havilingani.

Leja hiyo ikiwa imefungwa ndani ya kompyuta isiyowaka, pande mbili za mamlaka zitalinganishwa bila maelezo yako. Afisa ana namba zake, wewe huna zako. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kodi iliyolipwa pungufu idaiwe nyuma, na mtu asiye na hati huwa hana cha kubishia.

Mdogo naye asijione yuko nje. Anayevuka na bidhaa za chini ya dola 2,000 kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya huenda hana kompyuta kabisa. Lakini ananunua kwa mwenye duka la jumla. Jumla akishindwa kuonyesha mzigo ulitoka wapi, msururu mzima wa walio chini yake unatiliwa shaka.

Nini cha kufanya, kwa utaratibu

Kwanza, nakala kabla ya kitu chochote. Nakili folda nzima ya programu, si faili moja unayoifahamu. Data za dBase na FoxPro huwa vipande: jedwali lenye kituo cha .dbf, faili za maelezo marefu, faili za faharasa. Ukichukua .dbf peke yake unaweza kupoteza maelezo ya kila mteja. Weka nakala mbili, moja ikae nje ya duka. Diski ya kompyuta ya miaka 12 haitoi taarifa kabla ya kufa.

Pili, amua unachotaka: kuendelea kufanya kazi kwenye programu ile, au kuweza tu kuisoma. Ni mahitaji tofauti na gharama tofauti. Anayehitaji kusoma tu ili ajibu maswali ya ukaguzi hana sababu ya kulipia mradi mkubwa.

Tatu, kwa anayetaka kuisoma au kuitumia kwa muda, ipo njia ya kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox, ambayo ni ya bure, huifanya kompyuta mpya iigize ya zamani, ukaweka humo Windows ya zamani na leja yako. Windows hiyo ya ndani isiunganishwe na intaneti. Kwa programu za DOS ipo pia DOSBox, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Haikukusudiwa watu wawili waandike kwenye leja moja kwa wakati mmoja. Mkifanya hivyo, rekodi zinaweza kuharibika. Itumieni kusoma, au mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Nne, kwa anayehama moja kwa moja, toa data na uzipime. Faili nyingi za .dbf hufunguka kwenye LibreOffice Calc bila malipo. Angalia mitego miwili. Jedwali la Excel la muundo wa zamani, wa .xls, lina mistari 65,536 tu. Leja ndefu zaidi hukatwa. Na katika mafaili ya dBase, rekodi iliyofutwa haiondoki papo hapo. Hutiwa alama na kubaki mpaka faili isafishwe. Chombo kisichojua alama hiyo huzifufua zote: wadaiwa waliokwisha kulipa wanarudi, bili zilizobatilishwa zinahesabiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuizima kompyuta ya zamani, chapisha jumla ya kila mwezi kutoka kwake na ulinganishe na jumla ya mfumo mpya. Zisipolingana, kazi haijaisha, hata fundi akisema imeisha.

Tano, usihame katikati ya mwaka wa kodi kama unaweza kusubiri, na endesha mifumo yote miwili sambamba walau mwezi mmoja. Ni kazi mara mbili, kweli. Lakini ni mwezi mmoja dhidi ya miaka 5.

Jumuiya nayo inadaiwa

Si haki kumwachia mfanyabiashara mzigo wote. Kila nchi mwanachama inabadilisha mifumo kwa ratiba yake, na kila badiliko lina gharama kwa wakala na mwagizaji wa nchi jirani, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi. Wakala wa Kigali anayefuatilia mzigo Dar es Salaam anaishi katika familia mbili za mifumo, na zikibadilika ni yeye anayejifunza upya kila kitu.

Mambo matatu yangepunguza maumivu, na hakuna hata moja linalohitaji mfumo mpya wa mabilioni. La kwanza ni notisi: nchi inayobadilisha mfumo wa forodha iwatangazie watumiaji wa nchi zote, mapema na kwa Kiswahili, ikieleza ni kompyuta ya aina gani na programu gani zinahitajika. La pili ni kumbukumbu: mfumo wa zamani ukizimwa, matamko yaliyomo yabaki yanasomeka na mwenye mzigo kwa miaka 5 ile ile ambayo sheria inamdai. Haiwezekani sheria imtake mtu atunze hati huku serikali yenyewe ikiifunga nakala iliyo kwake. La tatu ni muundo: mwagizaji aweze kupakua matamko yake yote kwa muundo mmoja unaofanana kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, ayaweke kwenye leja yake bila kuyaandika upya kwa mkono.

Vyama vya wafanyabiashara na vya mawakala wa forodha vina nafasi ya kuyapeleka haya kwenye meza za Arusha. Vizuizi visivyo vya kiushuru tunavyovizungumzia kila mwaka ni mizani, vizuizi vya barabarani na vibali vinavyochelewa. Hifadhidata iliyozeeka haimo kwenye orodha hiyo, pengine kwa sababu haina askari anayesimamisha lori. Lakini lori linasimama vile vile.

Wakati hayo yakisubiriwa, kompyuta ile iliyo chini ya kaunta, yenye kifuniko cha vumbi na printa ya pini pembeni, ihesabiwe kama mali ya biashara. Mzigo wa thamani hiyo ungekuwa ghalani, ungekuwa na bima, mlinzi na ufunguo wa akiba. Leja nayo inastahili angalau ufunguo wa akiba, na nakala moja kwenye diski ya nje haizidi bei ya gunia chache za mchele.